Lori Liko Ng'ambo, Muhuri Uko Beni

Sehemu ya sita

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike. Masaibu yangu hayana kona nyingi, yanateremka tu.

Mimi ni Kanyere Agar, mfanyabiashara wa Butembo, Mama Falonne kwa wanaonipenda. Vita vya 1998 vilipoanza, lori langu la Mercedes lilikuwa ng'ambo, Uganda, kwenye kiwanja cha Maliro, Mkonzo wa huko, mshirika wangu wa miaka minane na baba wa ubatizo wa binti yangu. Na magunia themanini ya Maliro yalikuwa huku, ndani ya depo yangu ya Beni. Ni papaini, yaani ule utomvu wa mapapai unaokaushwa na wakulima wa Mabalako, na joto likizidi unakufa nguvu.

Maliro akasema lori halitoki mpaka magunia yavuke. Mimi nikasema magunia hayavuki mpaka lori lirudi. Tukakaa hivyo karibu miaka mitatu, kila mmoja na haki yake kamili mkononi na bila kitu kingine.

Mwaka 2001 Papa Zacharie, mzee tuliyemheshimu sote wawili, akatupatanisha kwake Butembo, kwa siku mbili na mbuzi mmoja. Akaandika karatasi tatu zinazofanana, moja ya kila mmoja wetu na moja yake. Lori lirudi, magunia yavuke, ndani ya siku arobaini. Siku ya arobaini ikipita, kila mtu abaki na alicho nacho. Tukatia sahihi, tukakumbatiana, tukamaliza mbuzi.

Mtu mwenye akili angepanda gari kesho yake akavuka mpaka. Mimi nilikwenda kutafuta mihuri.

Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga, hilo mnalijua. Nilianza kwa mkuu wa mtaa, nikaenda mairie, yaani kwa meya, nikaenda kwa chama cha wafanyabiashara. Nikamalizia Beni, kwenye ofisi ya mouvement, lile kundi la waasi lililokuwa likitutawala mwaka ule, kwa Chef Edmond. Kwake nilikaa kwenye benchi siku kumi na moja. Mara mbili aliniambia karatasi ya watu wawili haimhusu. Mimi ndiye niliyemsihi, na mimi ndiye niliyempelekea jogoo.

Msomaji mmoja wa Kayna ameniandikia kwamba ningemtafuta mwanasheria. Namshukuru. Anitafutie na wa mwaka ule.

Niliwaacha mlangoni mwa mahakama, ng'ambo ya mto Lubiriha, mpaka wetu na Uganda, siku ya thelathini na nne. Maliro alikuwa amekataa kunifungulia kiwanja chake. Alisema magunia kwanza. Kwa hiyo nikaenda kumshtaki, nikiwa na karatasi yangu ya mihuri minne na kichwa juu.

Hakimu alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza taratibu.

"Mapatano mazuri," akasema. "Yameandikwa vizuri kuliko mengi yanayofika hapa. Mpatanishi wenu ni mwanasheria?"

"Hapana, Muheshimiwa. Anauzaka misumari."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi moyoni tayari nilikuwa ndani ya lori, nimekaa mbele, dirisha wazi. Lori lile lilikuwa duka langu, shamba langu na shule ya Falonne. Tangu lipotee nilikuwa nauza unga wa muhogo kwa kikombe, mimi niliyekuwa nashusha tani nane kwa safari moja.

Hakimu akageuza karatasi. Uso wake ukabadilika.

"Hii nini?"

"Cachet, Muheshimiwa. Hii ya chef de quartier. Hii ya mairie. Hii ya bacommerçants. Na hii kubwa ndjo ya bureau ya mouvement, kule Beni."

Ule wa mwisho niliutaja kwa sauti ya mzazi ambaye mwanawe amekuwa wa kwanza darasani.

"Hiyo mouvement ni serikali?"

"Ndiyo. Enfin, hapana. Ndjo banatawala, Muheshimiwa."

"Nani amewatambua?"

Nikafikiri. "Sisi tunabatambua. Kwa kila barrière ya barabara, tukilipa, tunabatambua."

Hakimu akavua miwani yake na kuifuta.

"Mama, nisikilize. Ungeniletea karatasi hii ina sahihi zenu mbili na ya mpatanishi tu, ningeisoma kama mapatano ya watu wazima wawili. Ningempa huyo Maliro siku mbili, kisha ningetuma polisi walitoe lori. Hata hii mihuri mitatu midogo ningeivumilia. Lakini huu mkubwa unasema hapa imeamua ofisi. Ofisi ya nani? Nikitoa amri juu yake, nimesema kwamba mahakama ya Uganda inatambua serikali nyingine ndani ya Kongo. Serikali yangu inasema huko serikali ni moja, ya Kinshasa."

"Mais Muheshimiwa! Pale kwa mulango ya ile bureau, nani anachungaka? Ni baaskari ya kwenu!"

Karani akakohoa. Hakimu akarudisha miwani puani.

"Hilo halimo katika jalada hili."

"Basi tufute ile cachet kubwa."

"Ukiifuta umeghushi, na hapo nitakuweka ndani mimi mwenyewe. Mliandika nakala ngapi?"

"Tatu."

"Basi niletee nyingine, iliyo safi. Kifungu chenu cha siku arobaini nimekisoma. Siku ya arobaini, saa kumi jioni, tunafunga."

Nikamshukuru. Sijui kwa nini. Nadhani ni desturi.

Nje, mdogo wangu Salomon alikuwa ananingoja na pikipiki. Salomon ndiye dereva wa lile lori. Kwa miaka mitatu alikuwa dereva wa kitu kisichokuwepo, na watoto watano nyumbani.

"Yaya," akaniita, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "alisema nini?"

"Alisema tumeandika muzuri."

"Donc lori inatoka?"

"Alisema tumeandika muzuri sana."

Salomon ananijua. Akawasha pikipiki bila kuuliza tena.

Njiani kurudi nilihesabu mara mia. Karatasi yangu ilikuwa imeharibika kwa uzuri wake. Ya pili ilikuwa kwa Maliro, na Maliro si mtoto, hawezi kunipa kisu nimchinje nacho. Ya tatu ilikuwa kwa Papa Zacharie, ndani ya mkebe wake wa biskuti, chini ya kitanda. Hiyo ndiyo ilikuwa lori langu.

Kutoka Kasindi mpaka Beni, kutoka Beni mpaka Butembo, mvua, matope, daraja lililovunjika, askari waliotaka kujua kama nina sigara. Tulifika mchana wa siku ya thelathini na saba.

Papa Zacharie alikuwa dukani kwake, anapima misumari.

"Wavukire, Papa."

"Wavukire, mutoto yangu. Lori iko wapi?"

"Iko ndani ya mkebe yako ya biscuits."

Nikamweleza kwamba nahitaji nakala yake, upesi. Mzee aliyafurahia maneno hayo. Alikwenda nyuma mwenyewe, akarudi na mkebe, akaufungua mbele yangu, akaikunjua karatasi juu ya meza kwa mikono miwili.

Ilikuwa na mihuri saba.

"Papa. Hii ni nini?"

"Ah!" Uso wake uling'aa. "Nilisikia weye ulifika mpaka Beni kwa Edmond. Nikasema, mimi mupatanishi, nibakie na karatasi uchi? Batu batasema nini? Nikaenda na mimi. Tazama, hata ya padiri wa paroisse iko. Na hii ya pembeni ni ya état civil, kule banaandikaka batoto. Ule anaichungaka ni mukwe yangu, hakuniomba kitu."

Nilikaa juu ya sanduku la misumari. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya wateja wawili na mtu aliyekuja kuomba nyundo.

Papa Zacharie alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza hakimu, miwani, serikali ngapi ziko Kongo. Alikuwa ametumia maisha yake yote kupatanisha watu, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba kazi yake nzuri kuliko zote imeuawa na wino. Akafunga mkebe polepole.

"Alors ni mubaya," akasema.

"Najua ni mubaya."

"Hapana, hauyajua bado. Maliro aliniita kwa phonie leo asubuhi."

Phonie ni ile redio ya sauti mbovu tuliyokuwa tunaitumia wakati ule badala ya simu. Nikakausha macho.

"Anasema nini?"

"Iko Beni. Alivuka jana, nyuma yenu. Anataka magunia yake mbele ya joto kuyaua. Alifika kwa depo yako, akakuta bapercepteur, bale ba kodi ba mouvement, bafunga mulango na scellé. Hakuna kintu inatoka bila karatasi ya cachet ya Edmond. Akaniuliza: Papa, karatasi yangu haiko na cachet hata moja, nifanye je?"

"Na weye ukamujibu je, Papa?"

Mzee alitazama misumari yake.

"Nikamwambia aende kwa Edmond."

Nikainuka kwenye sanduku la misumari.

"Kesho asubuhi, saa tatu, bureau ikifunguliwa," akaendelea kwa sauti ndogo. "Edmond alikubali. Nilimutumia na barua ya kumupendekeza."

Basi hali ilikuwa hivi. Duniani kulikuwa na karatasi moja tu iliyo safi, na ilikuwa inakwenda kuchafuliwa kwa hiari, kwa barua ya mpatanishi wangu mwenyewe. Ng'ambo ile muhuri uliua mapatano, upande huu bila muhuri mapatano hayakuzaliwa. Ni mto mmoja tu katikati, na watu wa pande zote mbili wanasalimiana kwa lugha ileile.

"Mupigie phonie, Papa! Mwambie asipige ile cachet!"

Tulikwenda kwa mwenye phonie. Akaita Beni mara saba. Beni ilikuwa imezima mashine ili kuhifadhi betri, na haikuwa na nia ya kuiwasha kabla ya saa tatu kesho yake.

Barabara ilikuwa haipitiki baada ya jua kuzama, kwa sababu kila kichaka kilikuwa na jeshi lake. Tukaondoka alfajiri, mimi nyuma ya Salomon, karatasi yangu yenye mihuri ndani ya kitenge.

"Yaya," Salomon akapiga kelele dhidi ya upepo. "Ile ya Papa Maliro, anaitaka ikuwe na cachet, sindiyo?"

"Ndiyo."

"Na weye unaitaka isikuwe nayo."

"Endesha, Salomon."

"Mais ile yako iko na cachet tayari. Juu ya nini hamubadilishane?"

Miaka ishirini ya biashara. Nimenunua Dubai, nimeuza Kisangani, nimebishana na Wahindi wa Kampala nikashinda. Na hesabu ya karatasi mbili na watu wawili nilikuwa nafanyiwa na mtu aliyefukuzwa shule mara mbili.

"Kwani yako na yake si maneno yaleyale?" Salomon akasema.

"Ni yaleyale."

"Basi."

Niliangua kicheko juu ya ile pikipiki. Ilikuwa rahisi namna ile. Maliro achukue yangu akafungue depo, mimi nichukue yake nikafungue kiwanja. Kila karatasi iende nchi inayoipenda. Nilijisikia mwepesi, nikampiga Salomon mgongoni, nikamwahidi shati.

Karibu na Maboya tukakuta kamba imekatiza barabara. Askari mmoja wa mouvement, kijana mwenye bunduki kubwa kumzidi, akanyoosha mkono.

"Karatasi."

Nikampa. Akaigeuza nyuma. Macho yakamtoka.

"Petit, yaka! Tala! Cachet ine!"

Kwa Kilingala hiyo ni njoo, tazama, mihuri minne. Wakaja wenzake watatu. Wakauhesabu kila muhuri. Wakabishana kama ule wa mairie ni wa zamani au mpya. Mmoja akataka kunakili ule mkubwa kwa kalamu, kwa kumbukumbu. Wakaniita Maman Présidente.

"Chef, tafazali, tunachelewa."

"Maman, ngojea. Karatasi ya namna hii tunaonaka mara moja kwa mwaka."

Dakika ishirini. Saa tatu kasoro kidogo ndipo tukaiona Beni.

Ofisi ya Edmond ilikuwa nyumba ndefu yenye mlango mmoja. Mlangoni, askari wawili wa ng'ambo, kama nilivyomwambia hakimu. Ndani, watu arobaini kwenye mstari, jenereta inanguruma nje ya dirisha, na mwisho kabisa meza. Nyuma ya meza Edmond. Mbele ya meza, kwa sababu ya ile barua ya Papa Zacharie, mtu wa kwanza kabisa, amevua kofia: Maliro.

Edmond hakuwa mtu wa kupiga muhuri kwa haraka. Alikuwa na utaratibu. Alifungua kisanduku cha wino. Alikipulizia. Aliugonga muhuri mara mbili kwenye wino, akaujaribu kwenye kipande cha gazeti, akautazama, akautikisia kichwa. Watu wote walifuata mkono wake.

"Papa Maliro!" nikaita. "Ngojea!"

Jenereta ikanimeza. Nikaanza kupenya.

"We mama, panga mustari!"

"Na sisi tuko hapa tangu saa kumi na mbili!"

"Niko na neno moja tu na ule mutu wa mbele, moja tu!"

"Wote tuko na neno moja!" Mama mmoja mnene akakamata kitenge changu na hakukiachia. Alikuwa na haki yake kabisa. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Maliro alilaza karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Niliiona kutoka mlangoni, nyeupe yote.

Edmond akainua mkono.

Sasa nasema nililokuwa naliogopa kulisema tangu sehemu ya kwanza. Mpaka hapa nimewasema wote. Nimemsema Maliro, nimemsema Edmond, nimeicheka mihuri ya Papa Zacharie. Mmecheka nami, na baadhi yenu mmeniandikia kunipa pole.

Nilipiga kelele hivi:

"Afande! Mukamate ule mutu mbele ya meza! Ni wa mulima!"

Wasomaji wa Beni hawahitaji maelezo. Kwa wengine: milimani Ruwenzori walikuwepo wapiganaji waliokuwa wakipigana na jeshi la ng'ambo, na Mkonzo wa Uganda aliyeitwa wa mlima mbele ya askari wa Uganda hakuulizwa mara mbili. Alipelekwa kambini. Ndugu zake wakija, waliambiwa warudi wiki ijayo. Wiki ijayo waliambiwa hivyohivyo.

Sikulipanga. Naapa sikulipanga. Nilitaka tu mkono wa Edmond usimame, na hilo lilikuwa neno pekee Beni nzima lililokuwa na nguvu kuliko muhuri.

Mkono ulisimama.

Watu walianguka chini. Benchi likapinduka. Askari wawili walinipita mbio, mmoja akanikanyaga mguu, meza ikaenda upande, wino ukamwagika. Maliro alikuwa kifudifudi sakafuni, goti la mtu mgongoni, kofia yake chini ya buti. Yule mama mnene alikuwa ameshakiachia kitenge changu.

Karatasi ilikuwa imepeperuka mpaka karibu na ukuta. Nikainama nikaiokota.

Kabla ya kumtazama Maliro, niliitazama karatasi mbele na nyuma. Ilikuwa safi.

Na hapo akili yangu ya biashara, ambayo alfajiri ilikuwa imelala kiasi cha kushindwa na Salomon, ikaamka yenyewe. Nilikuwa na karatasi zote mbili. Kwa hii nyeupe, hakimu atanipa lori. Na magunia? Siku mbili zilikuwa zimebaki. Maliro asipoonekana mpaka siku ya arobaini, kila mtu abaki na alicho nacho, na magunia yalikuwa kwenye depo yangu. Lori na magunia. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa bado nimeinama. Mungu anisamehe, niliifanya mpaka mwisho.

Maliro akageuza uso sakafuni. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu. Akaniona.

Ule uso nauona mpaka leo ninapoandika. Alifurahi.

"Mama Falonne!" akaita kwa lugha yetu. "Mungu mkubwa, uko hapa! Waambie hawa watu mimi ni nani!"

Hakuwa amejua ni sauti ya nani. Jenereta iliyonimeza mimi ilikuwa imemficha na hilo.

Afande, mkubwa wa wale askari wawili, akanyooka.

"Nani alipiga kelele?"

Watu arobaini wakatazama miguu yao. Edmond alikuwa anaufuta muhuri wake kwa kitambaa. Aliniangalia, akaendelea kuufuta. Alijua. Hakuwa na haraka, kama kawaida yake.

"Nani?" Afande akarudia. Akanijia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa jina. "Mama. Wewe unajua huyu mtu?"

Nilikuwa na majibu mawili. Ningesema ndiyo, ni baba wa ubatizo wa mwanangu, ananunua mapapai, na ile kelele ni yangu na ni uongo. Lakini Beni ya mwaka ule, aliyemsingizia mtu mbele ya askari alipanda gari moja naye, na Falonne alikuwa na miaka kumi na moja, na baba yake tulimzika Jumatatu ya Pasaka.

Maliro alikuwa bado ananitabasamia. Alikuwa na uhakika nami kuliko nilivyokuwa nao mimi.

"Hapana, Afande," nikasema. "Mi simujue huyu mutu."

Nililisema kwa Kiswahili, polepole, ili askari aelewe. Maliro naye alielewa. Hakupiga kelele. Aliweka shavu lake chini kwenye saruji, akaacha kunitazama.

Nikageuka nitoke. Nje nilisikia Salomon anawasha pikipiki.

"Mama."

Nikasimama.

"Kama hujui huyu mtu," Afande akasema, "kwa nini umechukua karatasi yake?"

Akanyoosha mkono. Vidole vyangu havikufunguka, ikabidi aichomoe mwenyewe. Nikakumbuka jinsi Papa Zacharie anavyopenda kuandika, jinsi alivyotafuta maneno siku nzima kwa ajili ya mstari wa kwanza, na jinsi mimi na Maliro tulivyofuta machozi alipotusomea.

Afande akaikunjua kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa msomaji wa taratibu, wa kufuata kwa kidole.

"Sisi wawili," akasoma kwa sauti, "Maliro na Kanyere Agar, tunaojuana kama watoto wa tumbo moja..."